Sahani Iliyokwenda Buwenge

Iliki ikiingia kwenye unga, na unga ukiingia kwenye mafuta ya moto, mimi huona aibu. Najua mnacheka. Wenzangu wakinusa harufu hiyo hukumbuka Idi, nguo mpya na wajomba wanaotoa noti zilizokunjwa. Mimi hukumbuka sahani ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa bluu na ua jekundu katikati, na uso wangu hupata joto palepale. Majuzi niliinusa harufu hiyo jikoni kwangu mwenyewe, hapa Jinja, ikanibidi nitoe karai motoni nikae chini. Nitawaambia ilikuwaje. Lakini lazima tuanzie Mbale, maana ndiko sahani ilikoanzia safari yake.

Tulikaa mtaa wa Malukhu, katika mstari wa nyumba ambazo ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Akipiga chafya wewe unamwambia pole ukiwa kitandani. Sisi ni Wanubi. Babu ya babu yangu alikuja na jeshi kutoka Sudan, akabaki huku na bunduki yake na Kiswahili chake. Bunduki ilikwisha zamani, Kiswahili hakikwisha. Ndiyo maana wanawake wa sokoni, wengi wao Wagisu, wenyeji wa pale, walimwita baba yangu Afande, ingawa maskini ya Mungu hakuwahi kushika hata manati. Ilitosha kwamba alivaa koti la kaki na kwamba pesa alizidai kwa Kiswahili, lugha ya wanajeshi huku kwetu.

Naam, baba yangu alikuwa mtoza ushuru. Kulikuwa na soko dogo upande wa viwanda, na tajiri mmoja alikuwa amepewa zabuni ya kulisimamia. Tajiri huyo sikuwahi kumwona kwa macho. Yeye aliajiri watu wa kupita kila asubuhi kwa kila anayeuza, wachukue ushuru wa siku, wakate risiti. Baba alikuwa mmoja wao. Alikuwa na mkoba wa ngozi wenye kifungo cha shaba, na jioni aliponiachia niubebe kutoka mlangoni hadi kwenye msumari wake ukutani, nilitembea pole pole ili watoto wa jirani wanione. Mimi niliamini soko lote ni la baba yangu. Nilifikiri watu wanampa pesa kwa sababu wanampenda. Ee Mola, utoto ni kitu cha ajabu.

Upande wa pili wa ukuta wetu aliishi Mama Aziza, Mnubi mwenzetu, mjane, na binti yake Aziza ambaye tulikuwa darasa moja na dawati moja. Mama Aziza alikaanga mandazi katika soko hilohilo, karibu na mlango ambako wafanyakazi wa viwandani hupita asubuhi kutafuta chai. Mikono yake ilinuka iliki hata siku ya Ijumaa akiwa ametoka kuoga. Kicheko chake kilianza tumboni kikapanda mpaka kikamfungia macho. Mandazi yaliyovunjika hakuyauza. Aliyaweka pembeni, na mimi ndiye niliyekuwa mteja wake wa yaliyovunjika. Wakati mwingine, akiniona nimekawia pale mlangoni, alivunja moja makusudi mbele ya macho yangu akasema, "Aa, Zamzam, tazama, limevunjika lenyewe."

Kizimba chake hakikuwa kikubwa. Jiko, karai, meza, benchi moja la wateja. Lakini humo ndimo ilimotoka kodi ya nyumba, humo ndimo ilimotoka ada ya Aziza. Hilo tulilijua sote, hata sisi watoto, kwa sababu Mama Aziza mwenyewe alipenda kulipiga karai mgongoni kwa kijiko na kusema, "Huyu ndiye mume wangu siku hizi. Hanijibu, lakini anasomesha mtoto."

Halafu vitu vikapanda bei.

Sijui kama ninyi mlikuwa wakubwa wakati ule. Mimi nakumbuka kwa macho ya mtoto, yaani kwa kile kilichopungua mezani. Sukari ilihama kutoka kopo la wazi ikaenda kufungiwa kabatini. Sabuni, ambayo zamani tulikatiwa kipande tukacheza nayo mapovu, sasa Mama aliishika mwenyewe, akatupaka mgongoni mara moja na kuirudisha mahali pake pa juu. Mafuta ya kupikia yalianza kuuzwa dukani kwa kijiko, katika kaveera, kifuko kidogo cha plastiki kilichofungwa fundo. Redioni watu walipiga simu mchana kutwa. Mmoja alilia kodi, mwingine akalia petroli, mwingine akauliza waziri anakula nini nyumbani kwake. Baba alikuwa akisikiliza huku amekunja uso, kisha anageuza kutafuta mpira.

Mama Aziza hakuweza kupandisha bei ya mandazi. Watu wa viwandani hawakuongezwa mshahara, na mtu ambaye hajaongezwa mshahara hakuongezei wewe. Basi akafanya walichofanya wote, akayapunguza ukubwa. Yakapungua, yakapungua, hadi mfanyakazi mmoja, kijana wa Kigisu mwenye mdomo, akaliinua moja juu watu waone akauliza, "Mama, hii mi nakula ama ni kifungo nashonea kwa shati?" Benchi zima likacheka. Mama Aziza akacheka pia, lakini safari ile macho hayakufunga.

Kama hiyo haitoshi, ushuru wa soko nao ukapanda. Walisema umepanda kutoka juu. Tajiri wa zabuni naye akaongeza lake. Siku ya kwanza ya ushuru mpya wanawake walipindua mabeseni yao wakayakalia, hakuna kuuza, hakuna kununua. Waliimba, wakapiga makopo. Baba alirudi nyumbani kabla ya saa sita na nyanya imepasuka begani. Mama alilifua lile koti kwa kipande chetu cha sabuni, huku ananung'unika kwamba nyanya zenyewe bei yake unaijua, kwa hiyo aliyeirusha alikuwa na hasira ya kweli.

"Mimi kodi situngi," Baba alisema. Alikuwa amekaa na fulana tu, mkoba mapajani. "Mimi nabeba mkoba. Nikiacha kuubeba, kesho anabeba mwingine, na sisi tunakula nini?"

Mama aliendelea kufua. Alisugua bega la koti. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Na Mama Aziza? Naye alikupigia kopo?"

"Hapana," Baba akasema. "Yule alinilipa. Peke yake." Akaugeuza mkoba mapajani. "Afadhali angenirushia nyanya."

Mgomo ulikwisha kama migomo mingi inavyokwisha: watoto walikuwa wanataka kula. Wanawake wakageuza mabeseni wakauza, na ushuru ukabaki ulipopanda. Haukupita muda, Ramadhani ikaingia, na hapa ndipo sahani inapoingia.

Kwetu, mwezi wa Ramadhani, sahani hazilali. Kila nyumba ikipika inapeleka kwa jirani, chakula kimefunikwa kwa tabaga, lile kawa letu la kusuka la rangi nyekundu na kijani na zambarau. Na sahani ya mtu hairudi tupu. Nisikilizeni vizuri hapo, maana ndipo kisa kizima kilipo. Ikija na wali inarudi na mandazi, ikija na nyama inarudi na tende, huna kitu unatia hata vitunguu viwili. Kurudisha sahani tupu ni kama kumwambia mwenye sahani kwamba chakula chake hukukiona. Hakuna aliyetufundisha hilo kwa maneno. Tuliliona tu toka tukiwa tunabebwa mgongoni.

Sahani za Mama zilikuwa sita, alipewa na mama yake siku ya harusi, nyeupe zenye ukingo wa bluu. Mwezi mzima nilikuwa mbebaji. Idi ikapita, nyumba nyingine zikaacha, watu wakarudi kila mtu na chungu chake. Mama yangu hakuacha. Kila jioni alipakua wali, au posho, yaani ugali, na maharage, na siku ya nyama alitafuta mnofu, akafunika, akanipa. "Peleka kwa Mama Aziza. Mwambie tumepika kingi."

Hatukupika kingi. Nilikuwa nimesimama pale, niliona sufuria. Lakini sikuuliza, kwa sababu nilikuwa na hamu yangu mwenyewe. Mnaijua. Sahani itarudi.

Na ilirudi. Mama Aziza alinipokea mlangoni kwa lile neno la huku la huruma na shukrani, "Bambi, mama yako atanimaliza kwa wema," akaingia ndani kuhamisha chakula, akaosha sahani, akakaa huko kidogo. Akitoka, chini ya tabaga kuna mandazi. Yenye moto siku nyingine, siku nyingine ya asubuhi, lakini daima yamepangwa vizuri kuzunguka lile ua jekundu. La kwanza nililila kabla sijafika mlangoni kwetu, na ni hatua chache tu. Mengine tuligawana. Baba alikula lake na chai, polepole, akitazama ukuta. Ukuta uleule.

Nataka niwaambie nilichokiona, kwa sababu nilikiona, siwezi kusema sikukiona. Aziza alikuwa akisimama nyuma ya mama yake. Sahani ikija aliiangalia, na sahani ikiondoka aliiangalia zaidi. Shuleni, wakati wa mapumziko, aliacha kuja nami kwenye kivuli cha darasa kula. Alikwenda bombani, akanywa maji, akarudi anajifuta mdomo kwa mkono kama mtu aliyeshiba. Siku moja nilimwuliza mbona haji na mandazi, na mama yake ndiye mpishi. Akasema amechoka nayo. Nikamwonea wivu! Nikafikiri, kuna watu wana bahati duniani, mpaka wanachoka na mandazi.

Mandazi yalianza kupungua kwenye sahani. Yalikuwa yakilifunika ua, baadaye yakaliacha wazi. Mama aliona, akaongeza wali. Ndiyo, akaongeza. Alidhani jirani yake anazidiwa, kwa hiyo amsaidie zaidi, na sahani ikaenda imejaa mpaka tabaga halikai sawa. Mimi nikapanga hesabu zangu za kitoto kwamba sahani ikienda imejaa itarudi imejaa.

Ikaja jioni ile. Nilipeleka wali na samaki. Mama Aziza akaingia ndani na akakawia sana. Nilisikia kifuniko cha kopo kikifunguliwa, kikafungwa, kikafunguliwa tena. Alipotoka, kilemba kilikuwa kimelegea, na unga ulikuwa umemgusa shavuni. Nikafunua tabaga palepale mlangoni, adabu zangu zilikuwa zimekwenda wapi sijui. Mandazi mawili. Madogo, yale ya kushonea kwa shati.

"Mbona mawili tu?" nikasema.

Sikusema kwa ubaya. Wallahi sikusema kwa ubaya. Ni sauti ya mtoto aliyedekezwa kwa mtu anayempenda. Nilitegemea anitanie, aseme mengine yamevunjika yenyewe. Mama Aziza alinitazama. Nyuma yake Aziza alinitazama. Kisha Mama Aziza akaweka mkono wake kichwani pangu, ule wa iliki, akasema, "Kesho, Zamzam."

Kesho yake nilipeleka sahani, akaipokea, akasema nimwambie mama yangu asante, ataileta mwenyewe. Nilirudi mikono mitupu nikiwa nimenuna. Siku iliyofuata Mama akaniambia nimngojee kwanza arudishe ile. Tukangoja. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya sana, hata kijiko hakikugonga kitu.

Baada ya siku chache Baba alirudi kutoka sokoni, akaning'iniza mkoba mwenyewe. Sikupewa. Alisema kizimba cha Mama Aziza kimechukuliwa na mtu wa simu, mtu wa kuuza chaja na vifuniko. Mama Aziza alikuwa ameshindwa kulipa ushuru siku kadhaa, na tajiri hakutaka kusikia habari ya ujane wala ya ujirani. Mama aliacha kukata vitunguu.

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilimkatia risiti siku zote nilizoweza," Baba akasema. "Kwa pesa yangu. Nitazikata mpaka lini?"

Hilo la risiti hatukuwa tunalijua. Hata Mama hakulijua. Walitazamana, watu wawili waliokuwa wakifanya jambo moja kila mmoja kivyake, na kati yao mimi, nikiwa nafikiria mandazi.

Asubuhi iliyofuata mlango wa Mama Aziza ulikuwa na kufuli. Mwenye nyumba alisema Mama Aziza amekwenda na bintiye kwa kaka yake, Buwenge, upande wa Jinja, wamemwachia vitu viwili vitatu kufidia kodi. Karai lilikuwa kimojawapo. Niliketi shuleni peke yangu kwenye dawati la watu wawili na nilifurahia nafasi, nadhani kwa siku nzima, kabla ya kuanza kulia.

Na sahani? Sahani ilikwenda. Mama alifungua kabati, akahesabu tano, akafunga. Aliumia, nami namwelewa. Alimpenda yule mwanamke, akaona ameachwa bila kuagwa. Maumivu yakatafuta pa kutokea, yakatokea kwenye sahani. "Amenikimbia na sahani yangu," alisema siku hiyo, na akaisema tena, na miaka ikapita, ikawa ni maneno ya nyumbani kwetu. Mtu akiosha vyombo alikumbushwa kwamba zilikuwa sita. Mgeni akisifia ukingo wa bluu alisimuliwa. Sisi watoto tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu kama Mama Aziza alikuwa mtu wa kukimbia na sahani, basi lile swali langu mlangoni halikuwa kitu.

Haya. Nimekua, nimeolewa Jinja, nina kiduka cha vitenge na binti mmoja, Rehema, mwenye maneno mengi kuliko mimi. Na sasa, mnajua wenyewe hali ilivyo. Kodi hii, kodi ile, mashine ya risiti, bei ya bidhaa inabadilika kabla hujamaliza kubandika ile ya jana. Majuzi wafanyabiashara mtaani kwetu walifunga milango kugoma, nami nikafunga. Nilipiga kelele na wenzangu, ndiyo, nilipiga, na nilikuwa na haki. Lakini siku za kufunga ni siku za kutokula, na mume wangu mwezi huo alikuwa bado hajalipwa.

Jirani yangu ni Msoga, tunamwita Nalongo kwa kuwa ana mapacha. Mume wake ni mtu wa ofisi. Nalongo aliona duka limefungwa, na jioni akamtuma pacha mmoja na sahani: matooke, mchuzi wa karanga, na kipande cha kuku. Nilifurahi, tukala. Kesho yake ikaja nyingine. Ya kwanza niliirudisha na mayai niliyokuwa nayo. Ya pili niliirudisha na vitenge vya kushonea, vipande, nikajidai ni zawadi. Ya tatu nilisimama jikoni na sahani ya watu imeoshwa, inang'aa, na sina kitu.

Nikafungua kopo la unga. Nikafunga. Nikafungua tena, nikakwangua chini kwa ukucha. Nikachukua sukari ya uji wa mtoto. Nikapasua iliki ya mwisho, nikakanda, nikaweka karai motoni. Yakatoka machache, nikayapanga kwenye sahani yakae kama mengi. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Aliiangalia sahani. Akaniuliza, "Mama, na yetu?"

Ndipo nilipotoa karai motoni nikakaa chini.

Nilisikia kifuniko cha kopo kikifunguliwa na kufungwa miaka yote hiyo iliyopita, nikajua sasa alikuwa anatafuta nini. Kila jioni Mama yangu alimpelekea chakula cha kumsaidia, na kila jioni chakula hicho kilimlazimisha atoe mandazi ambayo asubuhi angeyauza, mandazi ambayo ndiyo ushuru, ndiyo ada, ndiyo chakula cha Aziza shuleni. Baba alichukua asubuhi kwa sababu alitumwa. Mimi nilichukua jioni, na nikataka zaidi. Mama angefunga wali kwenye jani la mgomba tu, jani halirudishwi, na yule mwanamke angekula kwa amani. Lakini kwetu chakula cha heshima huenda kwenye sahani. Tulimheshimu mpaka tukammaliza.

Nalongo, nilipompelekea yale mandazi machache na macho mekundu, alishangaa. "Eh, Mama Rehema! Mi nilitaka sahani tu, hata isiyooshwa."

Siku ya soko nilikwenda Buwenge. Nilibeba sukari, unga, mafuta, vyote nilivikopa, na vyote nilivitia kwenye kaveera. Hakuna sahani. Niliuliza kwa wauza ndizi, kwa mwenye duka la dawa, nikaelekezwa nyuma ya msikiti. Mama Aziza alikuwa amekaa nje kwenye mkeka, amezeeka, amekonda, mbele yake jiko na karai dogo jeusi. Hakunijua. Nilipotaja jina langu kicheko kilianza tumboni kikapanda mpaka macho yakafunga, nami nikaanza kulia kabla hajamaliza kucheka.

Nilimwuliza habari za Aziza. Aliacha shule mwaka uleule waliohama, akasema. Sasa yuko Uarabuni, anafanya kazi za ndani, hupiga simu Ijumaa. Alisema bila kunilaumu. Ningeshukuru kama angenilaumu.

Nilimpa kaveera. Akaiangalia huku na huku. "Sahani iko wapi?"

"Sikuja na sahani, mama. Hii hairudishwi."

Akaiweka kaveera chini. Kisha akainuka, akajishika kiuno, akaingia ndani, na nikasikia sanduku likifunguliwa. Alirudi na kitu kimefungwa kwenye kipande cha leso. Tabaga letu, rangi zimekwisha. Chini yake sahani nyeupe, ukingo wa bluu, haina hata mkwaruzo. Hakuwahi kuilia chakula.

"Mama yako amenifikiria mwizi," akasema.

Sikuweza kusema hapana.

"Kila nikipata unga nasema wiki hii naipeleka Mbale. Halafu unga unapanda, ama sukari, ama nauli. Kila mwaka kitu kimoja kinanishinda. Nitairudisha vipi tupu?"

"Nipe tu hivyo hivyo. Nakuomba."

"Tupu?" Alikasirika kweli. "Mama yako aliniletea tupu siku gani?"

Akaketi. Akafungua unga wangu, sukari yangu, mafuta yangu, akakanda, na nilikaa pale juani sina la kufanya, harufu ya iliki ikinipanda kichwani. Alikaanga polepole. Makubwa, mandazi ya zamani, ya kabla ya kila kitu. Aliyapanga kuzunguka ua jekundu, kisha juu ya ua, kisha juu ya mengine, mpaka tabaga halikukaa sawa. Akanisogezea sahani kwa mikono miwili.

"Haya, Zamzam," akasema, na kicheko kilikuwa kinaanza tena. "Hesabu. Leo si mawili."